POVU LA UKUTANI: LINAZUIA JOTO, LAKINI MOSHI WAKE UNAUA



Saa saba ya mchana, chini ya manjanja, nyumba inakuwa kama tanuru. Lakini katika chumba cha baridi ambamo wachuruzi wanaweka samaki, baridi inabaki hata jua likiwa kali. Ni kitu gani kinachozuia joto lisiingie? Mara nyingi ni povu la poliyuretani lililofichwa ndani ya ukuta. Tujifunze faida yake, kisha tujifunze hatari yake.

Povu hili ni nini?

Ni dawa mbili za majimaji. Zinakutana katika bomba la kupulizia, zinachanganyika, na mara moja zinafura, hata mara 30 ao zaidi. Kisha zinakauka na kushika ukuta, bati ao betoni. Ndani ya povu mna vishimo vidogo sana vyenye hewa ao gesi. Hivyo ndivyo vinavyozuia joto kupita.

Povu laini linawekwa chini ya paa na katika kuta za nyumba. Linapunguza pia kelele. Povu gumu ni zito zaidi na linazuia maji. Linafaa kwa vyumba vya baridi, paa za depo na matangi. Likiwekwa inje, lazima lipakwe rangi ya kulikinga, kwani jua linaliharibu.

Hatari ya kwanza: siku ya kupuliza

Moja ya dawa zile mbili inaitwa isosianati. Mvuke wake unaumiza macho, ngozi na mapafu. Unaweza kuleta pumu, na mtu aliyekwisha kuipata kwa njia hiyo anaweza kushikwa tena hata na mvuke kidogo sana. Maski ya vumbi haitoshi. Anayepuliza avae maski yenye kuletewa hewa safi, glavu, na nguo za kufunika mwili wote. Wengine wote watoke.

Tena, dawa hizo zinapochanganyika zinatoa joto. Tabaka nene mno likipulizwa mara moja linaweza kuungua ndani kwa ndani. Fuata kipimo cha aliyetengeneza dawa.

Hatari ya pili: siku ya kuchomelea

Hii ndiyo inayosahauliwa. Povu limekauka miaka mingi, limefunikwa, hakuna anayelifikiri. Fundi anakuja na chupa zake za gesi, cheche moja inaruka.

Tarehe 16 Septemba 1986, katika mgodi wa dhahabu wa Kinross, Afrika ya Kusini, kazi ya kuchomelea kwa asetilini ilileta moto chini ya ardhi. Povu la poliyuretani lililopakwa kwenye kuta likawaka. Wafanyakazi 177 walikufa. Wengi hawakufikiwa na ndimi za moto: waliuawa na moshi. Moshi wa povu hili una monoksidi ya kaboni na sianidi. Mtu anavuta mara chache tu, nguvu zinamwisha, anaanguka.

Mambo ya kushika

1. Kabla ya kukata ao kuchomelea, uliza: nyuma ya bati hili kuna nini? Shefu asipojua, kazi ingoje.
2. Ondoa povu mahali pa kazi, weka kizima-moto karibu, na mtu wa kulinda. Alinde hata kazi ikiisha.
3. Ndani ya nyumba, povu lisibaki wazi. Lifunikwe kwa plasta ao ubao wa jasi.
4. Ukiona moshi, toka na uwaite wenzako. Usirudi kuchukua vyombo. Usimfuate aliyeanguka bila kifaa cha kupumulia.

Na nyumbani, waeleze bibi na watoto: godoro la povu ni ndugu ya povu hili. Mbabula na mshumaa vikae mbali nalo.

Swali moja kabla ya kuwasha moto linachukua dakika moja. Uliza!