Sangara wa Ziwa Viktoria: Tunampimaje?



Ndugu zangu wanafunzi, sote twajua kuwa samaki ni halali. Somo letu lauliza jingine: twajuaje kama tunamvua kwa kadiri, au tunakula na fungu la watakaokuja? Nachukua mfano wa sangara, ambaye hapa Kampala tunamwita mputa.

Wengi hutazama wingi wa samaki sokoni. Kipimo hicho hudanganya. Tuseme mwaka jana mitumbwi 100 ilileta tani 10, na mwaka huu mitumbwi 200 imeleta tani 10 zilezile. Soko halioni tofauti, ila kila mtumbwi umepata nusu. Basi kwanza, tugawe mavuno kwa idadi ya mitumbwi, nyavu na siku za kuvua.

Pili, tupime urefu. Kanuni za ziwa zimewahi kulenga sangara wa sentimita 50 hadi 85. Chini ya hapo wengi hawajazaa. Juu ya hapo ni majike makubwa yenye mayai mengi. Wadogo wakizidi katika mavuno, hiyo ni dalili mbaya.

Tatu, watafiti wa Uganda, Kenya na Tanzania huzunguka ziwa kwa meli, wakituma mawimbi ya sauti majini na kukadiria samaki kwa mwangwi unaorudi. Nchi hizo tatu hushirikiana kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa mwaka 1994, lenye makao yake Jinja.

Surat ar-Rahman, aya ya 7 hadi ya 9, inatuamrisha tusidhulumu katika mizani. Naona amri hiyo inagusa pande mbili. Mvuvi atumiaye nyavu za matundu madogo huwapunja wenzake na wanawe mwenyewe. Lakini tangu jeshi lilipoingia ziwani mwaka 2017 kuzuia uvuvi haramu, wavuvi wamelalamikia vipigo na kuchomewa mitumbwi. Kumlinda samaki hakuhalalishi kumdhulumu maskini. Naye apewe muda na njia ya kupata nyavu halali.

Nasi tuna sehemu yetu. Ukienda Ggaba kununua, pima kwa mkono: sentimita 50 ni kama shibiri mbili na nusu. Anayenunua mputa mchanga humtuma mvuvi akalete wengine.

Wabillahi tawfiq.