Simu zinavyoelewana, na kwa nini meseji si pesa

Saa kumi na moja jioni, ufuoni Gazi. Mchuuzi wa samaki anampimia changu na tasi mteja mwenye haraka. "Mama, nimetuma elfu tatu na mia mbili, hebu angalia simu." Mama anatoa kabambe kwenye fundo la leso, anaisoma meseji. Jina la mtumaji lipo, kiasi kipo, tarehe na saa zipo, hata salio jipya limeandikwa. "Haya mwanangu, nimeona." Samaki wanaingia kwenye ndoo, boda inaondoka kuelekea barabara kuu. Saa mbili usiku Mama anataka kuwalipa vijana wa ngalawa, na salio ni lile lile la asubuhi.

Meseji ilikuwa ya uongo. Visa vya aina hii tunavisikia mara kwa mara, kuanzia Ukunda mpaka Msambweni, na kila mara jibu letu ni lile lile: usitoe mzigo kabla hujaangalia salio. Lakini mtu akiambiwa "fanya hivi" bila sababu, siku ya haraka husahau. Kwa hiyo leo tunakuletea sababu yenyewe, na sababu hiyo imo ndani ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii kabisa, yaani jinsi simu za kampuni mbalimbali zilivyokubaliana kuongea.

Kibaba cha simu

Ukienda dukani zamani ukaomba pishi ya mchele, hukuhitaji kumuuliza muuzaji pishi yake ni kubwa kiasi gani. Pishi ni vibaba vinne, kwake na kwa jirani yake. Hakuna mwenye duka aliyemiliki kibaba, na ndiyo maana biashara ilikwenda bila ugomvi.

Simu nazo zina vibaba vyake. Tunaviita viwango huria: kanuni zilizoandikwa wazi, ambazo kampuni yoyote inaruhusiwa kuzisoma na kuzifuata bila kuomba ruhusa kwa mshindani wake. Nambari yako ya simu ni mfano mmoja. Kwamba Kenya ni 254 na Tanzania ni 255, na kwamba nambari nzima haizidi tarakimu 15 popote duniani, huo ni mkataba wa kimataifa. Ndiyo maana mtu aliye Muscat anampigia mama yake Kinondo bila kujua mama anatumia laini ya kampuni gani.

Meseji ya kawaida, SMS, ni mfano wa pili. Ya kwanza kabisa ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kijana mmoja mhandisi, Neil Papworth, naye aliandika salamu za Krismasi tu. Kiwango chake kilikuwa kimeshatungwa na wahandisi wa Ulaya waliounda mfumo wa GSM, nao waliweka kikomo cha herufi 160. Kwa sababu kiwango kilikuwa cha wote, meseji inavuka kutoka kampuni moja hadi nyingine, na inafika kwenye kabambe na kwenye simu ya laki moja vile vile. M-Pesa ilipoanza Kenya tarehe 6 Machi 2007 ilijengwa juu ya njia hiyo hiyo, kwa menyu iliyokaa ndani ya laini na meseji zinazokwenda na kurudi. Haikumtaka mtu anunue simu mpya.

Ya tatu ni ile ya nyota na reli, USSD. Nayo imo kwenye familia hiyo hiyo ya GSM, haihitaji bando, na ina tofauti moja kubwa na SMS ambayo tutaifikia baadaye. Ishike.

Hodi, karibu, kwaheri

Sauti kupitia intaneti ilipokuja, swali lilirudi upya: nani ataandika kibaba? Kazi kubwa ilifanywa na kundi la wahandisi linaloitwa IETF. Lilikutana mara ya kwanza Januari 1986 mjini San Diego, Marekani, watu 21 tu. Halina kadi ya uanachama. Yeyote anaweza kujiunga na mjadala, hata kwa barua pepe akiwa Ukunda, na kanuni wanazotoa zinasomwa bure. Hawapigi kura. Mwenyekiti akitaka kujua upepo unavuma wapi huwaomba wavume kwa koo, "mmm", akasikiliza upande upi umevuma zaidi. (Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani ni utani wa mtandaoni. Si utani.)

Kanuni yao ya simu inaitwa SIP. Toleo la kwanza lilitoka 1999, na lile linalotumika hadi leo lilitoka Juni 2002. Inavyofanya kazi, mtu wa pwani ataielewa haraka kwa sababu ni hodi tupu. Simu yangu inabisha: nina mgeni wa kuongea nawe. Simu yako inajibu: ngoja, inaita. Ukipokea inasema: sawa, karibu. Hapo simu mbili zinapatana sauti itafungwa vipi, kisha sauti yenyewe inapita kwenye njia nyingine. Tukimaliza, mmoja anasema kwaheri na mlango unafungwa. Kila hatua ina neno lake lililoandikwa, na kifaa cha kampuni yoyote kinalijua. Simu za sauti zinazopita kwenye mtandao wa 4G zinabisha hodi kwa SIP hiyo hiyo.

Kwetu Kenya, kanuni peke yake haikutosha. Mwaka 2000 kampuni za intaneti za hapa zilianzisha Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya jirani kwenda kwa jirani isizunguke ng'ambo kwanza. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akakifunga kituo baada ya wiki chache tu. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Wakati ule njia ya kutoka nje ilikuwa setilaiti, iliyo juu ya ardhi takriban kilomita 36,000. Kupanda na kushuka mara moja tu huchukua karibu robo sekunde. Sasa jaribu kuongea na mtu wa Nairobi huku kila neno likipitia angani na ng'ambo: unasema "haloo", kimya, mnasema "haloo" pamoja, mnakatizana. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, hapo ndipo maongezi ya intaneti yakaanza kufanana na maongezi.

WhatsApp ilivyofunga mlango

Meseji za intaneti nazo zilipata kibaba chao, XMPP, kilichopitishwa na IETF mwaka 2004. Wazo lilikuwa zuri: wewe uko kwa kampuni hii, mimi niko kwa ile, tunaandikiana kama barua pepe. Google iliitumia kwenye huduma yake ya maongezi, kisha mwaka 2013 ikahamia mfumo wake yenyewe. WhatsApp, iliyoanza 2009, ilijenga juu ya XMPP iliyorekebishwa, lakini mlango wa nje haikuufungua. Ndiyo maana mpaka leo meseji ya Telegram haiingii WhatsApp. Tunabeba apu tatu ili kuongea na watu wa familia moja. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kisheria WhatsApp iruhusu huduma nyingine kuunganishwa nayo huko, na sharti hilo lilianza kuibana Machi 2024. Huku kwetu bado ni kisiwa, tena kisichokuwa na mashua wala trekta kama ile ya kuvushia wageni kwenda Chale.

Sisi kampuni za malipo hatuna haki ya kucheka. Kwa miaka mingi pesa za simu zilikuwa vivyo hivyo. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, hazikuingia kwenye akaunti yake. Alipata meseji yenye nambari maalum, akatafute wakala wa mtandao wako ili azitoe. Tanzania walianza kuunganisha mitandao 2014, na Vodacom ikaingia 2016. Kenya tulifika Aprili 2018, pesa zikaanza kuhama moja kwa moja kati ya Safaricom na Airtel. Malipo ya dukani yalichelewa zaidi: ni Aprili 2022 ndipo Benki Kuu ilipotangaza kwamba mteja wa mtandao mmoja anaweza kulipa kwenye tili ya mwingine. Kabla ya hapo muuzaji alibandika ukutani nambari tatu, au alimpoteza mteja. Kwa maoni yangu tulichelewa bila sababu ya kiufundi. Kibaba kilikuwepo, kilichokosekana ni nia.

Sasa turudi Gazi

Kiwango cha SMS kilitungwa miaka ya themanini, wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zilijuana. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja meseji itakuwa risiti ya samaki. Kwa hiyo ile sehemu ya juu inayoonyesha meseji imetoka kwa nani haina kufuli. Inaweza kuwa nambari, au jina la hadi herufi 11, na hujazwa na mfumo unaotuma. Simu yako haichunguzi, inaonyesha ilichoambiwa. Mbaya zaidi, jina likifanana, simu huiweka meseji ya uongo kwenye mstari mmoja na zile za kweli, chini ya risiti yako halali ya jana. Watoa huduma wanadhibiti nani anaruhusiwa kutuma kwa jina, na hilo huzuia mengi. Tapeli wa ufuoni kwa kawaida hahangaiki hata hivyo. Anatumia nambari ya kawaida, anaiga maneno ya risiti herufi kwa herufi, na anategemea kwamba jua linakupiga machoni na mikono yako ina magamba.

Nambari ya simu inayopiga nayo inaweza kuigizwa, hasa kupitia simu za intaneti. Wahandisi wa SIP walilitungia dawa, sahihi ya kidijitali inayoambatana na ile hodi, na Marekani ilizitaka kampuni kubwa za simu ziitumie kufikia 30 Juni 2021. Kwa hiyo mtu akikupigia na skrini ikaonyesha nambari unayoamini, bado hujathibitisha chochote.

Na hapa ndipo USSD inapotofautiana. SMS ni barua: imeandikwa, imetumwa, na yeyote anaweza kuandika barua. Pesa zako haziko ndani ya barua. Ziko kwenye daftari la kampuni, kwenye kompyuta zake. Ukibonyeza nyota na reli wewe mwenyewe, laini yako inafungua maongezi na mtandao wako papo hapo, unaliuliza daftari, linajibu, maongezi yanafungwa. Tapeli aliyesimama mbele yako hawezi kulijibia daftari. Apu yetu nayo hufanya vivyo hivyo kwa njia ya intaneti, ila inahitaji bando.

Kwa hiyo, mzigo ukiwa tayari na mteja akisema ametuma, usimsomee meseji. Piga USSD, tazama salio, linganisha na lile la kabla. Kama biashara yako ni ya haraka, andika salio la mwanzo kwenye karatasi kila baada ya mauzo makubwa, maana wengi wanaoibiwa huwa wameangalia salio lakini hawakumbuki lilikuwa ngapi. Na mtu akikupigia ati "nimekosea nambari, naomba unirudishie", mwambie apige kwa mtandao wake waurudishe muamala. Usirudishe kwa mkono wako, hasa kama hizo pesa umeziona kwenye meseji tu.

Kuna la WhatsApp pia, kwa sababu wengi wametuuliza. Meseji zake zimefungwa tangu Aprili 2016 kiasi kwamba aliye njiani hawezi kuzisoma. Kufuli hilo hulinda njia, halimlindi mtu aliyetoa ufunguo. Akaunti yako ya WhatsApp imefungwa kwenye nambari ya simu, na ukihamia simu mpya unatumiwa tarakimu 6 kwa SMS. Mtu akizipata hizo, anakuwa wewe. Ataandika kwa picha yako na jina lako, kwa shangazi, kwa jirani, kwa chama: "Niko hospitali, nitumie elfu mbili kwa nambari hii." Hakuna afisa wetu, wala wa kampuni yoyote, anayehitaji kusomewa tarakimu hizo. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp leo, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke nambari ya siri isiyofanana na ile ya pesa zako.

Ukipokea ombi kama hilo kutoka kwa ndugu, mpigie kwa laini ya kawaida, kwa nambari uliyo nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ombi. Sikiliza sauti. Muulize jambo ambalo halimo Facebook: jina la mbuzi aliyekufa, nani alianguka kwenye ngazi siku ya arusi. Asipopokea, subiri.

Kuangalia salio kwenye huduma yetu hakukatwi pesa, hata ukiangalia mara kumi kwa siku.