Fungua Boneti Kabla ya Safari: Somo kwa Madereva wa Muhokya, Kasese na Bwera

Barabara itokayo Kasese kupitia Muhokya hadi Kikorongo, kisha Bwera na mpaka wa Mpondwe, hupita katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Gari likizimika humo usiku, abiria hubaki gizani katika njia ya tembo na nyati, na lori lijalo nyuma huenda lisilione. Hitilafu nyingi za namna hiyo huanza kidogo kidogo chini ya boneti, na dakika 10 za asubuhi hutosha kuzigundua.

Kazi ya oili

Oili hulainisha vyuma visisagane, hupunguza joto na hubeba uchafu. Ikipungua mno, vyuma hugusana vikavu na injini hukwama. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, maana yake shinikizo limeshuka: simama mahali salama na uzime injini mara moja. Taa hiyo haichukui nafasi ya kipimo, kwani mara nyingi huwaka wakati madhara yamekwisha kuanza.

Namna ya kupima

1. Egesha gari mahali tambarare. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, izime na usubiri dakika 5 hadi 10 ili oili ishuke.
2. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena.
3. Oili iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo oili ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, na upime tena. Usipite alama ya juu, kwani oili ikizidi nayo hudhuru.
4. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, huenda maji yameingia. Usisafiri, mwite fundi.

Mengine ya kutazama

Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto: maji yanayochemka hurushwa kwa nguvu na huunguza uso. Tazama pia kiasi cha maji ya breki. Yakishuka, pedi zimelika au kuna mvujo, na katika miteremko ya milima yetu hilo ni suala la uhai. Mkanda wa feni usiwe na nyufa, wala vichwa vya betri visilegee. Oili chakavu isimwagwe mtoni: maji ya Nyamwamba huishia Ziwa George, wanakovua ndugu zetu.

Wajibu wetu sote

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari bovu lenye kuhatarisha watu. Hata hivyo, tungependa kukutana nanyi gari likiwa zima kuliko kuandika taarifa ya ajali. Gari likiharibika, lisogeze pembeni, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, waondoe abiria barabarani bila kuwaacha watawanyike porini, kisha piga simu 999 au 112. Nawe abiria, una haki ya kumuuliza dereva kama amepima oili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili kijijini

Kwa nini tusisubiri taa ya oili? Katika kituo chenu cha magari, nani hukagua kabla ya safari ya kwanza?