SOMO: KUUZA MAGURUDUMU YALIYOTUMIKA



Hapa Garissa gurudumu la gari halifi upesi. Likitoka kwenye pikapu linaingia chini ya mkokoteni wa punda na kubeba maji ya Tana mpaka mitaani. Likichoka kabisa, tairi linakatwa akala. Kwa hiyo kikundi chenye magurudumu manne yaliyolala stoo kina mali. Tunasikitika mali hiyo ikichukuliwa na dalali kwa bei ya kutupa, eti kwa sababu hakuna aliyejua anauza nini.

Tuanze na kusoma tairi. Ubavuni utaona, kwa mfano, 185/70 R14 88. Hiyo 185 ni upana kwa milimita, 14 ni kipimo cha rimu kwa inchi, na 88 maana yake tairi moja linabeba kilo 560. Halafu tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho zinataja umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Usidanganywe na meno marefu. Jua letu hukausha mpira hata kama gari limesimama, kwa hiyo pinda ubavu na uangalie nyufa.

Rimu nayo ina mambo yake. Hesabu matundu ya nati: Probox ina manne, Hilux ya 4x4 ina sita. Lakini kuhesabu peke yake hakutoshi, maana rimu ya Land Rover yenye matundu matano haikai kwenye Toyota ya nati tano. Pima pia nafasi kati ya matundu. Rimu za alumini zinapendeza, ila fundi wa mikokoteni anataka chuma, kwani chuma kikipinda anakigonga na kukichomelea.

Sasa, unamuuzia nani? Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji. Tairi kipara linaweza kuzibeba kwa mwendo wa punda. Tairi hilo hilo kwenye gari linalokimbia kilomita karibu 370 hadi Nairobi, na lami imechemka, linaweza kupasuka na kuua watu. Mnunuzi akisema ni la gari, mwambie ukweli hata kama bei itashuka. Hapo hatuna mzaha.

Kabla ya kuuza, kikundi kikae, kikubaliane bei ya chini kabisa, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Ulizeni mafundi wawili watatu kwanza. Andikeni hati: tarehe, majina na namba za vitambulisho, kipimo cha tairi, namba ya DOT, bei, na sahihi. Pesa ikija kwa M-Pesa, mtunza hazina asome ujumbe na salio kabla mzigo haujapakiwa. Na mkiletewa magurudumu ya kuuzwa kwa niaba ya mtu, ulizeni yametoka wapi. Kupokea mali ukijua ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu.

Ya kujadili kikundini: Je, tuna chuma gani kilicholala stoo? Nani kati yetu anaweza kukisoma? Na je, tukiuza, au tuunde mkokoteni wetu wenyewe wa maji?