Unanitania? Namna ya kulitumia neno "tease"

"Don't joke me." Sentensi hii nimeisikia kwa makonda, kwa walimu, hata kwa watu wenye shahada mbili, na inakotoka hakufichiki: ni "usinitanie" iliyovalishwa suti. Kitenzi chetu humbeba anayetaniwa humohumo ndani, kwenye "-ni-". "Joke" hakina nafasi hiyo, hakipokei yambwa ya mtu. Kinachoipokea ni "tease". Sema "Don't tease me", au "She is teasing her brother", anamtania kaka yake. Ukitaka kutaja anachotaniwa nacho, ongeza "about": "They tease him about his accent", wanamtania kwa lafudhi yake. Kitamke tiiz, irabu ndefu na z mwishoni, sawasawa na "teas", yaani chai zaidi ya moja.

Kuna mtego, lakini. Rafiki akikuambia ameshinda gari nawe ukamaka "Unanitania!", hapo hakuna anayechekwa; huamini tu ulichosikia. Kiingereza chake ni "You're kidding!" "Tease" lataka awepo mtu anayeguswa: urefu wake, mapishi yake, timu yake iliyofungwa jana.

Kazi ngumu ni kulirudisha neno hili kwenye Kiswahili. Wengi huandika "kutania" bila kufikiri, ndipo tunaposoma habari ya mtoto aliyeacha shule kwa sababu "alitaniwa". Kwetu utani una wenyewe: Msukuma na Mzaramo, bibi na mjukuu, mashemeji. Mtani hukwambia mazito hata msibani, na kesho yake unamlipa. "Tease" halijui ukoo wala kabila. Laweza kuwa mzaha wa wapendanao au mateso ya uwanjani. Kipimo changu ni kimoja: je, anayeguswa anaweza kurudisha? Akiweza, andika "kutania". Asipoweza, andika "kuchokoza", "kukejeli" au "kudhihaki", kadiri makali yalivyo. Mbwa aliyefungwa hawezi kurudisha, kwa hiyo "tease the dog" siku zote ni kumchokoza mbwa. Na ukienda upande wa pili, usijaribu kuwaita Simba na Yanga, watani wa jadi, kwa neno hili. Andika "rivals", ingawa utamu wenyewe utabaki huku nyumbani.

Asili ya neno inasaidia kukumbuka. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la kazi ya sufu: kuivutavuta nyuzi kwa nyuzi mpaka ilainike na kuachana. Kumvuta mtu vivyo hivyo, kidogo kidogo mpaka akereke, ndiko kukawa kumtania. Ukilijua hilo, "tease out" halitakusumbua: kutoa jambo lililojificha, taratibu, kutoka kwenye fumbo au maelezo marefu. Sisi nasi tulichambua pamba kabla ya kuchambua riwaya. "Teaser" ni kionjo cha filamu au tangazo, kinachokuonyesha kidogo na kukunyima kilichobaki.

Kunyima huko kumezaa matumizi ya kuchunga sana. "She teases me", ananitania, haina ubaya. "She is a tease" ni habari nyingine kabisa: mwanamke anayewatia wanaume tamaa kisha anawakatalia. Ni tusi. Kijana anayedhani anamsifu mwenzake wa kazini kwa uchangamfu anaweza kuitwa ofisini kujieleza.

Mwisho, nywele. Ukiwa saluni Marekani na msusi akakuuliza kama unataka "tease", hakutanii. Anataka kuzisukuma nywele kwa kitana kuelekea kichwani ili zivimbe. Mwingereza angesema "backcomb". Ukikubali, jiandae: kuzifumua usiku ni kazi.