Rilei imeandikwa 10A, mbona imeshindwa na pampu ya HP 1?

Juzi alfajiri nimepigiwa simu na mkulima wa nyanya huku Usa River. Usiku taima ilizima, pampu ikagoma kuzimika. Ikavuta mpaka tanki likakauka, ikazunguka kavu hadi ikaungua. Tulipofungua rilei, vile vibati viwili vinavyogusana ndani tulikuta vimeshikana kama vimechomelewa.

"Sasa bwana shamba, si imeandikwa ampea 10? Na pampu inakula 6 tu!"

Hapo ndipo wengi tunapigwa. Kwenye rilei kuna maandishi ya aina mbili. 12VDC ni ya koili, yaani umeme mdogo wa kuiamsha kutoka kwenye taima. Ukiipa 230 ya TANESCO, umeiua. 10A 250VAC ni ya vibati, yaani mzigo vinaoweza kubeba.

Lakini hiyo 10 ni ya mzigo mpole, kama hita. Mota ikianza kuzunguka hukamata umeme mara tano, sita ya kawaida yake. Sita yako inapita 30 kwa muda mfupi, cheche inaruka, vibati vinalika kidogo kidogo. Siku moja vinagandana. Halafu taima inasema zima, hakuna anayesikia.

Dawa yake: rilei iwashe kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu. Dukani usiulize tu "ya ampea ngapi", soma ubavuni namba ya AC-3, ndiyo ya mota. Ile ya AC-1 huwa kubwa zaidi na inadanganya.

Wenye sola mkae macho zaidi. Rilei hiyohiyo huandikwa pia 10A 30VDC. Kwa nini 250 imeshuka hadi 30? Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inakufa yenyewe. Wa paneli haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka. Paneli tatu au nne ukiziunga mfululizo unaweza kuvuka volti 100, na hapo rilei hiyo ni kiberiti. Tafuta swichi iliyoandikwa DC kwa volti zako.

Kazi ya 230 mwachie fundi umeme, na breka izimwe kwanza.

Yule kijana ameshafunga kontakta, na floti ya kukata pampu maji yakiisha tankini. Pampu mpya bado anadunduliza, kwa sasa anaazima ya jirani.