Shaba ya Kipushi: Jinsi Mgodi na Mageuzi ya Utawala Yalivyobadili Maisha ya Watu

Mkulima aachapo shamba lake na kwenda kufanya kazi ya mshahara, habadili kazi tu. Hubadili pia chakula chake, nyumba yake, majirani zake, na hata namna ya kuwalea watoto wake. Somo hili laeleza mabadiliko hayo jinsi yalivyotokea Kipushi, mji wa madini ulio mpakani mwa Zambia, mwendo wa kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi. Yafaa lisomwe polepole, kwa maana yaliyowapata watu wa Kipushi yamewapata wengine wengi ulimwenguni.

1. Shaba zamani za wazee

Wazungu hawakuigundua shaba ya Katanga. Waliikuta ikifanyiwa kazi. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, mafundi walikwenda mlimani kuokota mawe ya rangi ya kijani. Waliyayeyusha katika tanuru za udongo kwa moto wa makaa, huku wengine wakivuta mivukuto. Shaba iliyoyeyuka waliimimina katika vifano vya msalaba. Misalaba hiyo ilitumiwa kama fedha, na tena kwa kulipa mahari.

Mvua zikikaribia, kila mtu alirudi shambani kwake. Basi kazi ya shaba ilifuata majira ya kilimo, nayo ilikuwa mikononi mwa mafundi na wakuu wao. Jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa ndilo lililogeuzwa kwanza.

2. Utawala wageuka

Siku ya 20 Desemba 1891, Msiri, mfalme wa Garenganze, aliuawa karibu na mji wake wa Bunkeya na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Tangu hapo nchi ilihesabiwa kuwa mali ya serikali ya Leopold, na mwaka wa 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Mwaka wa 1906 iliundwa kampuni kubwa ya madini iitwayo Union Minière du Haut-Katanga. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 tanuru kubwa ilianza kutoa shaba. Mgodi wa Kipushi ulianza kuchimbwa na kampuni hiyo katika miaka ya 1920, ukaitwa kwa jina la Mwana wa Mfalme Leopold. Humo kulikuwa na shaba na zinki nyingi, na wachimbaji waliendelea kushuka hata zaidi ya meta 1,000 chini ya ardhi.

Ulaya nayo ilipata mageuzi ya namna mbili. Huko Uingereza, mitambo ya mvuke iliwatoa watu mashambani ikawakusanya viwandani. Huko Ufaransa, mwaka wa 1789, raia waliangusha utawala wa kale wakadai haki zao. Mageuzi hayo yalichukua miaka mingi. Katanga ilipata viwanda katika maisha ya mtu mmoja tu: aliyekuwa mtoto Msiri alipokufa aliweza kuuona moshi wa tanuru kabla ya nywele zake kuwa na mvi. Tena viwanda vilitangulia haki. Watu waliitwa kazini kabla ya kuulizwa neno lolote juu ya nchi yao.

3. Kijiji chaingia kambini

Mgodi hauchimbwi bila mikono. Serikali ilidai kodi kwa fedha, na fedha ilipatikana kazini. Waajiri walituma watu vijijini kuandika wafanyakazi, na si wote walioandikwa kwa hiari yao. Walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, na baadaye Ruanda-Urundi. Hapo mwanzo walikaa muda mfupi, bila wake zao, katika kambi zilizosongamana. Wengi walikufa kwa magonjwa.

Tangu mwaka wa 1928 hivi kampuni ilibadili njia yake. Ilianza kutoa mikataba ya miaka 3, ikaruhusu mke na watoto kuja, ikajenga nyumba, hospitali na shule. Shule nyingi ziliwekwa katika mikono ya wamisionari. Kampuni ilifanya hivyo kwa hesabu pia: mtu mwenye afya, aliyeijua kazi yake, alizalisha kuliko mgeni wa kila mwaka.

Maisha ya jamaa yakageuka. Kwa Walamba, wenyeji wa nchi hiyo, na kwa Wabemba pia, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya watoto. Kambini nyumba iliandikwa kwa jina la baba, na posho ilitolewa kwa ajili yake, mkewe na watoto wake. Mjomba alibaki mbali kijijini. Mke aliyekuwa na shamba lake na ghala lake akawa akingoja posho ya mumewe. Tena watu wa makabila mengi walikaa mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa lugha yao wote. Watoto waliozaliwa kambini walikinywa pamoja na maziwa ya mama.

4. Upungufu uliofichika

Mtu aweza kuuliza: Ikiwa palikuwa na nyumba, posho na hospitali, kilipungua nini? Jibu ni hili: vyote hivyo vilikuwa vya kampuni. Aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba siku zile zile. Bei ya shaba ilipoanguka ulimwenguni, mwanzoni mwa miaka ya 1930, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliondolewa, wengi wakarudishwa makwao. Mnamo Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Huko Elisabethville askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira, wakafa watu makumi kadhaa.

Mwaka ule ule aliokufa Msiri, Papa Leo XIII alikuwa ameandika barua juu ya wafanyakazi wa Ulaya. Alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kutafutia faida. Mshahara wake umtoshe kuishi, naye ana haki ya kuungana na wenzake. Mafundisho hayo yalihusu Katanga pia.

5. Uhuru na baada yake

Mnamo Desemba 1957 Waafrika wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wakuu wa mitaa yao. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ilijitenga, na utengano huo ulidumu hata Januari 1963. Mali ya madini ilikuwa sababu yake kubwa. Mwaka wa 1967 serikali ilitwaa migodi, nayo kampuni ya taifa ikaja kuitwa Gécamines.

Bendera ilikuwa imebadilika, lakini desturi ya kutegemea kampuni kwa kila kitu ilibaki. Mwaka wa 1993 mgodi wa Kipushi ulifungwa. Jamaa nyingi zilikosa mshahara. Ndipo majembe yaliyosahauliwa yalipotafutwa tena, na akina mama, kwa bustani na biashara ndogo, wakalisha nyumba zao. Mgodi ulianza tena kutoa zinki mwaka wa 2024.

6. Mambo ya kushika

Kwanza: mgodi waweza kuleta shule na dawa, lakini hauwezi kuwa baba wa watu. Pili: utawala ukibadilika bila haki kubadilika, maskini haoni tofauti. Tatu: mwenye kwenda kazini asiache kufundisha wanawe kulima, kusoma na kushirikiana, maana jiwe la mlimani huisha, lakini ujuzi na umoja havichimbwi vikaisha.

Maswali

1. Zamani, kazi ya shaba na kazi ya shamba zilifuatana namna gani?
2. Kwa nini kampuni iliruhusu wake na watoto kuja kambini?
3. Mjomba alipoteza nini, na mama alipoteza nini?
4. Mgodi ukifungwa leo, ni kitu gani kitakachobaki nyumbani?